Barua ya wazi kwa wanaotoa vibandiko vya hologramu: tuelezeni tukague nini

Barabara ya Kirinyaga,
Nairobi.

Kwa Wakuu wa idara na mamlaka zinazotoa na kusimamia vibandiko vya usalama nchini Kenya.

Waheshimiwa,

KUH: HAKI YA MFANYABIASHARA NA MNUNUZI KUELEZWA NAMNA YA KUKAGUA HOLOGRAMU

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni mfanyabiashara wa vipuri vya magari katika Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wetu wangali wanaiita Grogan, na kabla ya kufungua duka nilifanya kazi kwa miaka mingi katika kiwanda cha uchapishaji huko Industrial Area, ambako nilijifunza kwa mikono yangu jinsi foili, ule utando mwembamba unaong'aa, inavyopigwa chapa ya moto juu ya karatasi. Nalitaja hilo mapema ili msidhani kwamba anayewaandikia ni mtu aliyekasirishwa na hasara moja, akaamua kuitukana teknolojia asiyoielewa. Hologramu, yaani ile picha ing'aayo inayobadilika unapoiinamisha, naijua na naiheshimu. Ninacholalamikia ni namna mnavyoitumia.

Naandika hadharani kwa sababu njia ya faragha imeshindikana. Barua zetu, mimi na wenzangu wa mtaa huu, zilipigwa muhuri wa kupokelewa, tukaambiwa tusubiri, nasi tukasubiri. Tulipofuatilia tulirushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, kila moja ikisema kwamba kibandiko hicho ni cha ofisi jirani. Sitaitaja idara yoyote kwa jina humu, kwanza kwa sababu ya adabu, na pili kwa sababu kasoro ninayoieleza nimeiona katika vibandiko vya idara zaidi ya moja. Kila mkuu atakayesoma atajua sehemu inayomhusu.

Jambo lenyewe ni fupi. Bidhaa, vyeti na leseni zetu mmezibandika alama zinazong'aa, mkatuambia kwamba alama hizo ndizo zinazotenganisha kilicho halali na kilicho bandia, lakini hamjawahi kutuambia tutazame nini ndani ya mng'aro huo. Malalamiko yangu yote yanatokana na pengo hilo, na nayaeleza moja baada ya jingine.

1. Umma haujaelezwa kinachopaswa kuonekana.

Wakaguzi walipokuja dukani kwangu walichukua katoni za pedi za breki wakisema kwamba vibandiko vyake ni bandia. Sikubishana nao, na hata leo sibishi. Huenda walisema kweli, na pedi bandia ni jambo la roho za watu, hasa kwa matatu iliyojaa abiria ikiteremka kuelekea Mai Mahiu. Nilichouliza ni kimoja tu: ni alama gani katika kibandiko hiki inayoonyesha kwamba si halali, ili mzigo ujao niukague mwenyewe kabla ya kuulipia? Nilijibiwa kwamba hiyo ni siri ya usalama.

Waheshimiwa, alama ambayo anayeitazama hajui inapaswa kufananaje haiwezi kumlinda. Benki Kuu ya Kenya ililielewa hilo. Ilipotoa noti mpya mwaka 2019 haikuzificha sifa zake. Ilitueleza tupapase chapa iliyoinuka, tuiinue noti kwenye mwanga ili kichwa cha simba kijitokeze, kisha tuiinamishe tuone uzi wa usalama ukibadilika rangi. Noti za zamani za shilingi 1,000 zilipokoma kutumika mwisho wa Septemba mwaka huohuo, muuza sukuma wiki wa Marikiti alikuwa tayari anaweza kuipima noti mpya kwa vidole na macho yake, bila kifaa na bila kumwita ofisa yeyote. Ulaya nako walifanya vivyo hivyo: noti za euro zilipoanza kutumika Januari 2002 zikiwa na hologramu, raia walifundishwa kugusa, kutazama na kuinamisha, na mafunzo hayo hayakuchukuliwa kuwa msaada kwa waghushi. Fedha ndiyo kitu kinachoghushiwa kwa tamaa kubwa kuliko vyote, na wenye kuitoa wanaitangaza alama yake mpaka mtoto wa shule aijue. Iweje kibandiko cha pedi za breki kiwe na siri kubwa kuliko noti ya shilingi 1,000?

Tangazo ninalolitafuta si la kurasa nyingi. Lingesema, kwa mfano, kwamba ukikiinamisha kibandiko hiki upande wa kushoto unapaswa kuona ngao, ukikiinamisha upande wa kulia ngao itoweke na herufi zitokee mahali pake, na kwamba ukingoni kuna mstari ambao ukiutazama kwa lenzi utaona ni maneno. Lingeongeza jambo moja ambalo sijawahi kumsikia ofisa akilisema, nalo ni mwanga wa kutumia. Hologramu ikitazamwa chini ya zile taa ndefu za dukani huonekana imefifia na kuchanganyika, kwa kuwa mwanga unaifikia kutoka pande nyingi kwa pamoja; ikitazamwa juani, au chini ya taa moja ndogo, picha yake hukaza na kusimama. Tochi ya simu ya mulika mwizi inatosha kabisa. Nimewaonyesha wenzangu jambo hili kwenye vibaraza vya maduka yao, na wengi wao, watu waliouza bidhaa zenye vibandiko kwa miaka na miaka, walikuwa hawajawahi kuiona picha yote iliyomo ndani.

2. Mnawaambia watu kwamba hologramu haiwezi kunakiliwa.

Kauli hii nimeisikia redioni na katika mikutano yenu na wafanyabiashara, na naomba iachwe, kwa sababu si ya kweli na inaleta madhara. Niruhusuni niirudie historia kidogo, kwa kuwa jibu limo ndani yake.

Holografia ilianza mwaka 1947 katika mji wa Rugby, Uingereza, ambako Dennis Gabor, mhandisi mzaliwa wa Hungaria, alikuwa akitafuta njia ya kuboresha hadubini ya elektroni. Kamera ya kawaida hurekodi wingi wa mwanga unaotoka kwenye kitu, basi. Gabor alitaka kurekodi pia jinsi mawimbi ya mwanga huo yanavyokutana na mawimbi mengine ya kulinganishia, ili baadaye mwanga ukiiangazia rekodi hiyo, mawimbi ya awali yaundwe upya na jicho lione kitu kile kikiwa na kina chake. Wazo lilitangulia vifaa. Ilibidi leza ipatikane, mwaka 1960, ndipo Emmett Leith na Juris Upatnieks huko Michigan, Marekani, na Yuri Denisyuk katika Umoja wa Kisovieti, walipoweza kutengeneza picha za kuridhisha, na Gabor akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1971. Aliyeisogeza teknolojia hii karibu na mfuko wa mtu wa kawaida ni Stephen Benton, ambaye mwaka 1968 alibuni hologramu inayoonekana kwa mwanga mweupe ikiwa na rangi za upinde wa mvua. Kutokana na kazi hiyo zikaja hologramu za kupigwa chapa kiwandani, na mwaka 1983 Mastercard ikaanza kuziweka kwenye kadi zake za benki.

Neno la kuzingatia hapo ni chapa. Picha iliyo ndani ya kibandiko haikuchorwa kwa wino. Ni mifereji midogo mno, ambayo nafasi kati ya mmoja na mwingine ni takriban sehemu moja ya elfu ya milimita, na mifereji hiyo ndiyo inayoupinda mwanga na kuutenganisha kwa rangi zake. Kiwandani, muundo wa asili hufunikwa kwa nikeli inayooteshwa juu yake kwa umeme. Bamba hilo la nikeli likishabanduliwa hukandamizwa kwenye utando mwembamba wa plastiki, nao utando hupakwa alumini ili urudishe mwanga. Bamba moja huzaa nakala nyingi ajabu, na ndiyo maana kibandiko kina bei nafuu. Kwa hiyo siri yote ya hologramu ya kibandiko imo katika umbo la uso wake, na uso wowote unaweza kuchukuliwa nakala na mtu mwenye vifaa, ujuzi na nia mbaya.

Huyo ni mghushi mwenye bidii, na sidhani kama tunao wengi wa aina yake. Tunayekutana naye mtaani ni mvivu. Yeye hununua foili inayong'aa ya aina ileile inayotumika kufungia zawadi, huchapa nembo ya serikali juu yake kwa wino, hukata miduara, akaenda sokoni. Foili yake hutoa rangi zote za upinde wa mvua, lakini haina kina, haina picha inayogeuka kuwa picha nyingine inapoinamishwa, na nembo yake imekaa juu ya mwanga badala ya kuwa ndani yake. Mtu aliyefundishwa kwa dakika mbili angeitambua kabla hajafungua katoni. Asiyefundishwa anaona king'aacho na kuridhika, kwa kuwa kung'aa ndiko pekee alikoambiwa akutafute. Kila mara ofisa anaposimama na kusema kwamba hologramu haiwezi kunakiliwa, anamfanyia mvivu huyu matangazo ya bure.

Hata mabenki yenyewe hayaiegemei tena hologramu kwa uzito wa zamani; kazi kubwa ya kumzuia mwizi wa kadi imehamia kwenye chipu na namba ya siri. Hologramu ilibaki kuwa kile ilichofaa kuwa tangu mwanzo, yaani ukaguzi wa kwanza wa macho. Lakini ukaguzi wa macho unataka macho yaliyofunzwa.

3. Mzigo wa kosa umemwangukia asiye na kifaa.

Mkaguzi wenu huja na lenzi na kifaa maalumu, na nyuma yake ana maabara. Mwagizaji mkubwa wa bidhaa ana wakala wa forodha na wakili. Mwenye duka la mtaani ana macho yake na taa ya dukani, ila yeye ndiye anayepoteza mzigo, ndiye anayepelekwa mahakamani, na ndiye ambaye jina lake huharibika mbele ya wateja. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 ni nzuri na siombi ilegezwe hata kidogo. Naomba tu kwamba mtu asiadhibiwe kwa kushindwa kuona kitu ambacho mmekataa kumwonyesha.

Zaidi ya hapo kuna mteja. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na pia haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike nazo kikamilifu. Ibara ya 35 inaitaka Serikali ichapishe na kutangaza habari muhimu zinazoligusa taifa. Sioni namna ya kuzisoma ibara hizo mbili kisha mtu akasema kwamba maelezo ya jinsi ya kutambua kibandiko cha pedi za breki ni mali ya ofisini.

4. Vibandiko ni vingi, na hubadilishwa kimyakimya.

Duka moja linaweza kuwa na bidhaa zenye vibandiko vya rangi na maumbo tofauti, vya zamani na vipya, vyote vikidaiwa kuwa halali kwa wakati mmoja. Muundo ukibadilishwa, sisi hupata habari kutoka kwa mteja anayeuliza kwa nini kibandiko cha leo hakifanani na cha mwezi uliopita. Wakati mwingine sisi wenyewe tumekikataa kilicho halali. Hili halihitaji maelezo zaidi.

5. Kibandiko halali kinabanduka kizima.

Kibandiko kizuri cha usalama hutengenezwa kwa namna ya kujiharibu: ukikibandua, tabaka la picha hupasuka na kuacha nyuma alama kama sega la nyuki, kisiweze kutumika tena. Baadhi ya vibandiko vinavyotufikia vinabanduka kwa ukucha na subira. Ndiyo maana kuna watu wanaonunua maboksi matupu ya vipuri halisi kwa bei ambayo karatasi taka haijawahi kuifikia. Kibandiko halali kilichohamishiwa kwenye bidhaa bandia kitapita kila ukaguzi wa macho, na hata kifaa cha mkaguzi kitakipitisha, maana kibandiko ni chenyewe. Kilichobadilika ni kilicho ndani ya boksi. Kwa maoni yangu kasoro hii ni kubwa kuliko ya waghushi wa foili, na sijawahi kusikia mkiizungumzia.

6. Fedha zinakwenda kwenye maonyesho.

Nilihudhuria uzinduzi wa kibandiko kipya katika hoteli moja ya hapa jijini. Taa zilizimwa, muziki ukapigwa, na picha ya mkubwa mmoja ikatokea jukwaani ikielea hewani na kutusalimu, nasi tukaambiwa kwamba hiyo ndiyo hologramu na kwamba Kenya imeingia katika zama mpya. Kwa heshima zote, ile haikuwa hologramu. Ilikuwa taswira iliyoakisiwa kwenye kioo au utando uliolazwa mshazari, hila ambayo John Henry Pepper aliwaonyesha watu wa London mwaka 1862 katika Royal Polytechnic Institution kwa kutumia wazo la mhandisi Henry Dircks, karibu karne nzima kabla ya Gabor. Wanamuziki waliofariki hufufuliwa majukwaani kwa hila hiyohiyo, na hakuna ubaya katika burudani. Ubaya ni kwamba tulitoka ukumbini tukiwa tumepewa kalamu na fulana, bila hata karatasi moja ya kueleza namna ya kukikagua kibandiko kilichotukutanisha.

Nami sisemi haya kwa kuidharau holografia ya kweli, ambayo ina kazi nyingi zaidi ya kung'aa. Tangu mwaka 1965 wahandisi wanajua kulinganisha hologramu mbili za kitu kimoja, kabla na baada ya kukipa mkazo, ili mistari inayojitokeza ionyeshe ufa usioonekana kwa jicho. Njia hiyo imetumika kukagua tairi, na sisi watu wa vipuri tungefurahi kuiona ikifundishwa katika vyuo vyetu vya ufundi. Hadubini za holografia huwawezesha watafiti kuchunguza chembe nyekundu za damu bila kuzitia rangi, zikiwemo zilizoingiliwa na vimelea vya malaria. Baadhi ya vioo vinavyomwonyesha rubani vipimo vya ndege mbele ya macho yake hutumia tabaka la holografia. Mkitaka kutuonyesha maajabu, tuonyesheni hayo.

Waheshimiwa, mmezoea kutujibu kwa mdomo hata pale mnapokataa kutujibu kwa barua, kwa hiyo nayajua majibu yatakayotolewa, na naomba kuyatangulia.

Mtasema kwamba kutangaza alama ni kuwafundisha waghushi. Ninyi mnajua, kama wanavyojua wote waliowahi kufanya kazi ya uchapishaji wa usalama, kwamba kibandiko kilichobuniwa vizuri kina ngazi tatu: alama za wazi ambazo mtu yeyote anaweza kuziona bila kifaa, alama zilizofichwa ambazo huhitaji lenzi au leza ndogo, na alama za maabara ambazo hata mkaguzi wa kawaida hazijui. Ngazi ya kwanza imewekwa kwa ajili ya umma. Hakuna anayeomba ya pili wala ya tatu. Mghushi, kwa upande wake, hahitaji kipeperushi chenu; ameshanunua kibandiko halali na kukikagua kuliko tunavyoweza kukikagua sisi.

Mtasema kwamba kuna programu ya simu ya kusoma msimbo. Ipo, na naitumia. Lakini programu hiyo husoma msimbo uliochapwa pembeni, haisomi hologramu, na msimbo uliochapwa unaweza kupigwa picha na kuchapwa upya mara elfu, ukasomwa mara elfu na kujibiwa kwamba ni halali, isipokuwa mfumo uwe unamwambia anayeusoma kwamba namba hiyo ilishasomwa jana Mombasa na juzi Kisumu. Sijaona jibu la namna hiyo likitokea kwenye simu yangu. Tena wateja wengi wa mtaa huu, mafundi wa gereji wenye mikono iliyojaa grisi, wana simu zisizopakua programu yoyote, na wenye simu kubwa huuliza kwanza kuhusu bando.

Mtasema tununue kwa wasambazaji walioidhinishwa. Tunafanya hivyo. Msambazaji naye alinunua kwa mwingine, na mnyororo huo wote unategemea kibandiko ambacho hakuna hata mmoja ndani yake aliyeelezwa namna ya kukikagua.

Jibu la mwisho, ambalo naliogopa zaidi kwa sababu linapendeza masikioni, ni kwamba tuvumilie kwa kuwa teknolojia bora zaidi iko njiani. Ni kweli iko njiani. Mwaka 2021 watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walionyesha kwamba akili unde inaweza kukokotoa hologramu za vitu vyenye kina haraka kiasi kwamba kazi hiyo inafanyika hata kwenye simu ya mkononi, jambo ambalo awali lilihitaji kompyuta zenye nguvu nyingi. Kamera za simu zitaweza kukisoma kibandiko chenyewe kinapoinamishwa, si msimbo wa pembeni tu. Lakini kompyuta hizohizo zinazorahisisha kubuni hologramu halali zitarahisisha pia kubuni za kuiga, na vifaa vilivyokuwa vya viwanda vichache vitazidi kushuka bei. Kibandiko cha kizazi kijacho kikiletwa kwa umma usiofundishwa, tutakuwa na kilekile tulicho nacho leo, ila kwa gharama kubwa zaidi na uzinduzi wenye taa nyingi zaidi.

Kwa sababu hizo, mimi na wenzangu tunaomba yafuatayo.

(i) Kila idara inayotoa kibandiko chenye hologramu ichapishe, kwa Kiswahili na Kiingereza, ukurasa mmoja wenye picha unaoeleza alama za wazi za kibandiko chake: kinachoonekana, kinachobadilika kinapoinamishwa na kwa mwanga gani. Kiswahili kiwe mbele. Ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Ibara ya 7 ya Katiba, na ndiyo lugha ya biashara ya mtaa huu.

(ii) Sampuli halisi, zilizotobolewa ili zisiweze kutumika, ziwekwe mahali watu wanapofika: Huduma Centre ya GPO na nyinginezo, ofisi za machifu na ofisi za masoko. Picha ya hologramu kwenye karatasi haionyeshi hologramu inavyobadilika; lazima mtu aishike na kuinamisha mkono. Kwangu mimi ombi hili ndilo la kwanza kwa uzito, na kama mtatekeleza moja tu, tekelezeni hili.

(iii) Mfanyabiashara anayepeleka kwa hiari yake bidhaa anayoitilia shaka apewe jibu la maandishi, wala asichukuliwe kuwa mshukiwa kwa kuuliza. Hivi sasa mwenye busara hukaa kimya, na mkisha kuwanyamazisha wenye busara mnabaki na taarifa za washindani wenye chuki.

(iv) Muundo ukibadilishwa, itangazwe tarehe ya kuanza kwa mpya na tarehe ya kukoma kwa wa zamani, kama ilivyofanywa kwa noti.

(v) Zabuni zijazo zidai kibandiko kinachojiharibu kinapobanduliwa, mchapishaji awe na cheti cha ISO 14298 kinachohusu uchapishaji wa usalama, na muundo wa picha usajiliwe katika rejista ya kimataifa ya watengenezaji wa hologramu, ambayo iliwekwa ili kiwanda kingine kisikubali kutengeneza picha hiyohiyo kwa ajili ya mtu mwingine.

(vi) Programu ya simu imwonyeshe msomaji iwapo namba imeshasomwa na mtu mwingine, na huduma hiyo ipatikane pia kwa ujumbe mfupi kwa wenye simu ndogo.

Pamoja na barua hii nimewasilisha katika ofisi zenu ombi rasmi la habari chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo inawapa siku 21 za kujibu. Sheria hiyo inataja pia saa 48 pale habari inapohusu uhai wa mtu, na mwanasheria tuliyemwuliza alisema kwamba hoja ya breki inaweza kutetewa kwa kifungu hicho. Hatujakitumia. Tumechagua siku 21 kwa kuwa tunataka ukurasa ulioandikwa vizuri kuliko jibu la haraka, na zikipita bila jibu tutalipeleka suala hili kwa Ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, tukiambatisha nakala zote zenye mihuri yenu ya kupokelewa.

Jina langu kamili na namba ya leseni yangu ya biashara zimo katika nakala mlizopokea. Niko tayari kuja ofisi yoyote kati ya zenu, siku yoyote ya kazi, nikiwa na foili za zawadi, vibandiko halali na tochi, niwaonyeshe maofisa wenu tofauti yake.

Wenu mwaminifu,

Mfanyabiashara wa vipuri vya magari,
Barabara ya Kirinyaga, Nairobi.

Nakala: Ofisi ya Ombudsman.